Sauti ya bibi chini ya bati

Mvua ilianza saa tisa alasiri, bibi akiwa katikati ya simulizi. Ilikuwa Aprili, na mwezi huo mkazi wa Ifakara haulizi kama mvua itanyesha, anauliza itaanza saa ngapi. Mama mwenye nyumba alimtazama mwanawe wa kidato cha pili, aliyekaa kwenye mkeka na kompyuta mpakato mbele yake. Kijana akaashiria kwa kidole: inarekodi, aendelee tu.

Bibi akaendelea. Ana miaka zaidi ya 80, na familia ilikuwa imembembeleza kwa wiki kadhaa asimulie maisha yake kabla kumbukumbu hazijamtoka. Siku hiyo alikubali. Alichanganya Kiswahili na Kindamba, lugha ambayo wajukuu wake wanaielewa kwa kubahatisha. Alisimulia ng'ambo ya Mto Kilombero alikoolewa, enzi ambazo daraja la leo, lililozinduliwa mwaka 2018, hakuna aliyeliota. Watu walivuka kwa mitumbwi.

Kisha akafika kwenye jambo ambalo hata wanawe wengine hawakuwahi kulisikia. Alikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza, aliyefia mikononi mwake ndani ya mtumbwi wakimwahisha hospitali Ifakara. Akalitaja jina la mtoto huyo mara moja tu, akanyamaza, akaomba maji.

Mama alikuwa karibu na mlango, na mvua ilikuwa imezidi. Hakulisikia jina. Kijana naye macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Mama hakutaka kumrudisha mkwewe kwenye uchungu ule. Akajiambia moyoni: si kitu, limo kwenye rekodi.

Usiku waliposikiliza, kilichosikika zaidi kilikuwa bati. Mchoro wa sauti, ambao mtu akiongea huwa na vilima na mabonde, ulikuwa umejaa mfululizo kama zulia, na maneno ya bibi yamezama humo. Chini ya mvua kulikuwa na mngurumo mwembamba usiokoma.

Kijana hakukata tamaa. Alikuwa na Audacity, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ambayo wengi huitumia kuhariri sauti. Ndani yake kuna sehemu ya kupunguza kelele. Unachagua sekunde chache zenye kelele tupu, programu inajifunza kelele hiyo, kisha inaiondoa kwenye rekodi nzima. Mngurumo ukaondoka. Mvua ikapungua, lakini na bibi akapungua nayo. Sauti yake ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Kijana akaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Akahifadhi, akafunga, akalala.

Asubuhi alitaka kurudi mwanzo, ikashindikana. Programu ile inakuruhusu kutengua ulichofanya ukiwa hujaifunga. Ukishahifadhi na kuifunga, hatua zile hazipo tena. Na nakala ya rekodi ya awali hakuwa ameitoa.

"Mama, nimeharibu," alisema.

Mama hakumgombeza. Alileta daftari, akamwambia watafute kosa moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta bati linalovuja.

Mngurumo ulikuwa wa chaja. Umeme wa nyumbani hapa nchini huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kompyuta ikiwa imechomekwa, mngurumo huo unaweza kuingia kwenye sauti. Walipochomoa chaja, ukakoma. Dawa yake ni kujaza betri kwanza, kisha kurekodi bila chaja. Faida ya pili ni kwamba umeme ukikatika, kazi haikatiki.

Kosa lililofuata liliwashangaza. Kijana alikuwa amechomeka spika za masikioni za simu, zile zenye kipaza sauti kidogo kwenye waya, na kukibana kwenye khanga ya bibi. Lakini kompyuta iliendelea kutumia kipaza sauti chake yenyewe, kilicho karibu na feni yake ya ndani. Waligundua kwa kukwaruza kila kimoja kwa ukucha huku wakitazama mchoro. Kile cha kwenye waya, mchoro haukutikisika. Ilibidi waingie kwenye mipangilio na kukichagua kwa mkono.

Halafu kiwango cha sauti. Pale bibi alipocheka, mchoro uligonga juu na kubaki bapa. Sauti iliyokatwa kichwa namna hiyo huwa inakwaruza, na kuirudisha ni vigumu mno. Walijifunza kupunguza kiwango hadi sehemu za juu zicheze kati ya desibeli -12 na -6, zibakize nafasi ya kicheko.

Chumba nacho kilikuwa na lake. Sebule ina sakafu ya saruji na kuta tupu, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi. Chumba cha kulala, chenye godoro, nguo na chandarua, kilikuwa kimya zaidi. Wakaongeza blanketi mezani.

Ilibaki mvua, na hiyo haikuwa na dawa. Mngurumo wa chaja ni sauti moja isiyobadilika, ndiyo maana programu iliupata kirahisi. Mvua juu ya bati ina sauti nene na nyembamba kwa pamoja, zikiwemo zilezile za koo la binadamu. Ukiing'oa, unang'oa na maneno. Mama akaandika chini ya ukurasa: kelele inatolewa chumbani, si kwenye kompyuta.

Wakasubiri hadi Juni, wakati wa mavuno ya mpunga. Walianza asubuhi na mapema, kabla mashine za kukoboa hazijawashwa.

"Shikamoo bibi," kijana alisema, akikiweka kipaza sauti shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isikipige.

"Marahaba, mume wangu. Leo hujaleta mvua?"

Walijaribu kwa dakika moja, wakasikiliza, ndipo wakaanza. Rekodi ilitoka safi. Faili la WAV la sauti ya upande mmoja, kwa kipimo cha kawaida, hula takriban megabaiti 5 kwa dakika. Kabla ya kuhariri chochote, kijana alilinakili kwenye flashi na kuitoa kabisa. Nakala ya MP3, takriban megabaiti 1 kwa dakika, ndiyo waliyopanga kuwatumia ndugu kwa simu.

Lakini safari hii bibi alipofika kwenye mtumbwi alisema tu, "Hayo nilishasema." Akaruka, akaenda kwenye mavuno. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jioni mama alipata wazo. Alimpa mkwewe spika za masikioni, akamwomba asikilize sauti yake ya Aprili, ile iliyoharibika. Bibi aliziweka, akacheka hadi machozi.

"Huyu nani anaongea kisimani?"

Aliendelea kusikiliza, akitikisa kichwa, akisahihisha. Hapa hawakusikia vizuri, alisema hivi. Pale alisema vile. Alipofika kwenye mtumbwi, kicheko kikakoma. Akasikiliza hadi mwisho wa sentensi, akavua spika.

"Jina hamjalishika," alisema. Akalitaja, taratibu, kisha akaeleza kwa nini baba yake alimpa mjukuu jina hilo.

Kompyuta wakati huo ilikuwa inacheza sauti, haikuwa inarekodi. Kijana alijishika kichwa, akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu. Mama akamzuia. Alichukua lile daftari, akafunua ukurasa mpya nyuma ya orodha ya makosa, akaandika jina na maelezo yake, akamsomea bibi ili ahakikishe. Bibi akasahihisha herufi moja.

Desemba, binti wa kwanza wa bibi alipokuja kutoka Mahenge kusalimia, alilikuta jina la kaka yake mkubwa juu ya orodha ya watoto wa nyumba ile, palipokuwa na jina lake mwenyewe maisha yake yote. Akaomba kalamu, akajiandikia namba mbili.