Magari na Maji

Msomaji, usidhani kila shindano la magari ni la mbio. Tangu mwaka 1989 hufanyika Kenya shindano la Rhino Charge, ambalo madereva hupita porini pasipo njia, wakipanda majabali na kuvuka makorongo. Mshindi si mwenye kasi, bali afikaye vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenziwe. Michango yake ilisaidia kujenga ua wa umeme wa kilomita 400 hivi kuuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009.

Wanafunzi wangu hapa Satellite huniuliza, “Yatuhusu nini sisi tusio na magari?” Huwajibu, “Fungueni bomba.” Maji mengi ya mabomba ya Nairobi hutoka milima hiyo. Msitu ukifa, mtungi hukauka, wa tajiri na wa maskini.