Kijiji Kilicho Chini ya Ziwa



Juma hili tunawaletea habari za milima ya Eryri, kaskazini-magharibi mwa Welisi. Tulianzia pwani, katika mji wa Barmouth, ambako reli huvuka mlango wa mto Mawddach juu ya daraja refu la mbao la mwaka 1867. Tukapita Harlech yenye ngome ya Mfalme Edward I juu ya mwamba, kisha Blaenau Ffestiniog, mji uliozungukwa na vilima vya mabaki ya mawe ya kuezekea. Mvua nayo haikutuacha.

Lakini ni Bala tuliyoitamani zaidi. Mwaka 1800 binti aitwaye Mary Jones alikwenda huko kwa miguu kutoka Llanfihangel-y-Pennant, mwendo wa kilomita 40 hivi, kumtafuta mhubiri Thomas Charles ili anunue Biblia ya Kiwelisi, akiba yake ikiwa ya miaka mingi. Kisa hicho kilichangia kuzaliwa kwa Chama cha Biblia mwaka 1804, kilichokuja kuchapa Maandiko kwa Kiswahili pia. Sisi Wakatoliki tusione haya kuwashukuru ndugu hao.

Si mbali na Bala lipo ziwa la Llyn Celyn, zuri machoni. Chini yake kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake walisema na kusali kwa Kiwelisi. Jiji la Liverpool lilihitaji maji. Bunge la London likapitisha sheria mwaka 1957, ingawa karibu wabunge wote wa Welisi hawakuiunga mkono. Mwaka 1965 bonde likawa ziwa: nyumba, shule, posta na kanisa vikazama. Baadhi ya marehemu walihamishwa. Wengine waliachwa, makaburi yao yakafunikwa kwa zege. Baraza la jiji liliomba radhi mwaka 2005.

Tulilikumbuka shamba la Nabothi. Ahabu alitaka bustani ya mboga tu, na kiu ya Liverpool ilikuwa ya kweli. Hivyo hatuyalinganishi moja kwa moja. Hata hivyo Nabothi alikataa kuutoa urithi wa baba zake, na watu wa Capel Celyn walikwenda hadi Liverpool kuandamana wakidai hilo hilo.

Kando ya maji kuna kanisa dogo la ukumbusho, na mawe ya makaburi yaliyookolewa yako hapo. Tukawaombea waliobaki chini kwa sala ya Baba Yetu, sisi kwa Kiswahili, mwenyeji wetu kwa Kiwelisi. Tulimaliza karibu pamoja.