Gitaa la Umeme Ufukoni mwa Tanganyika

Msafiri atokaye Bukavu huteremka hadi Kamanyola, hupita uwanda wa Ruzizi wenye joto, kisha huiona Uvira: mji mwembamba uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Hapo maji ni riziki, tena ni adui. Mnamo Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi.

Tangu miaka ya 1950 gitaa la umeme limetia nguvu muziki wa Kongo. Lakini kando ya ziwa, gitaa la zamani lataka mlinzi mwenye subira, maana unyevu hula nyuzi na kutia kutu viungo vya waya. Likilowa, lisiunganishwe na umeme, wala lisianikwe juani, kwani jua kali hupinda shingo na kuachanisha gundi. Likaushwe kivulini kwa siku nyingi.

Je, sauti ikikatika, gitaa limekufa? Sivyo. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa humo na kwenda kwenye kikuza sauti. Mara nyingi moyo huo u mzima. Kilichoachia ni kiungo kimoja tu. Fundi hukisafisha, hukilehemu kwa risasi, na sauti hurudi. Waya wa shaba wenyewe ukikatika, huzungushwa upya, mara maelfu.

Basi, ndugu msomaji, usikimbilie kulitupa gitaa la baba yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.