Mwanza: Mji wa Miamba, Maji na Elimu

Katika miji ya Tanzania iliyo mbali na bahari, ni michache iliyofungamana na maji kama Mwanza. Mji huu umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria upande wa kusini, kwenye ghuba ichukuayo jina lake, nao ni wa pili kwa ukubwa katika nchi baada ya Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela, zina wakazi zaidi ya milioni moja. Kila mwaka vijana wengi, na miongoni mwao wana wa nyumba zetu za Kiislamu, hufunga safari kwenda huko kutafuta elimu. Kwa hiyo yafaa mzazi amtumaye mwanawe, na kijana mwenyewe, waujue mji huo kabla ya kufunga mizigo.

Kitu cha kwanza kimpokeacho mgeni ni mawe. Miamba mikubwa imesimama juu ya miamba mingine, mengine yameegemeana hata mtu adhani upepo utayaangusha, na kumbe yamekaa hivyo tangu zama zisizojulikana. Ndiyo sababu watu huuita Mji wa Miamba. Mwamba ujulikanao kuliko yote umetoka majini karibu na kivuko cha Kamanga, nao huitwa Jiwe la Bismarck, kwa jina la waziri mkuu wa Wajerumani, ambao waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Nyumba nazo zimepanda milimani, huko Isamilo, Igogo na Mabatini, zikajibana katikati ya mawe. Nyingi hazifikiwi na gari. Saruji, kuni na gunia la unga hupandishwa kwa miguu na mabega ya watu.

Jina la Mwanza lina asili moja na neno Nyanza, yaani ziwa. Vitabu vingi vyasema kuwa Mwingereza John Hanning Speke ndiye aliyeligundua ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858, aliposimama kwenye kilima karibu na hapa. Lakini msomaji mwenye insafu yampasa kujiuliza: Speke alijuaje pa kwenda? Yeye na mwenziwe Burton walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir, na huyo ndiye aliyewaeleza habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Katika safari ya kwenda huko Speke alifuatana na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuwa mtumwa, naye ndiye aliyemfasiria maneno. Na kabla ya hao wote Wasukuma, Wakerewe na Wazinza walikuwa wakivua na kusafiri humo karne kwa karne. Twayataja haya ili kijana ajue kuwa elimu huanza kwa kumwuliza ajuaye, hata kama huyo hana cheo wala jina vitabuni.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji ukawa mlango wa biashara ya Kanda ya Ziwa. Pamba ya Usukuma ilishuka hapa kwa mamia ya marobota. Wakulima walipochoka kupunjwa katika mizani walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Paul Bomani. Hao walikuwa watu wa jembe, lakini walitambua kuwa asiyejua kuhesabu huibiwa mchana kweupe.

Sasa tuje kwenye vyuo. Juu ya kilima cha Bugando yasimama hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, nayo hupokea wagonjwa wa Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Kando yake ulianza mwaka 2003 ufundishaji wa madaktari, na chuo hicho leo ni chuo kikuu kamili cha afya. Kusini mwa mji, huko Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanzishwa mwaka 1998 juu ya msingi wa chuo cha Nyegezi cha mwaka 1960, ambacho kilipata sifa kwa kufundisha waandishi wa habari. Nyegezi pia kipo chuo cha uvuvi, na Butimba kipo chuo cha ualimu. Vyuo viwili hivyo vikuu vimeanzishwa na Kanisa Katoliki, lakini huwapokea wanafunzi wa dini zote. Baadhi ya wazazi wetu husita kwa sababu hiyo. Kusita si dhambi, bali yafaa kufuatwe na uchunguzi: kijana atakaa wapi, msikiti uko umbali gani, jirani zake ni nani. Misikiti ipo mjini, na Waislamu wa Mwanza, wenyeji kwa wageni, ni wengi. Kijana aliyelelewa vema nyumbani hapotezwi dini na jina lililoandikwa langoni mwa chuo, na asiyelelewa aweza kuipoteza popote.

Hata hivyo, darasa kubwa kuliko yote Mwanza ni ziwa lenyewe. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, nalo ni la Tanzania, Uganda na Kenya. Nenda Mwaloni, soko la Kirumba, uone dagaa waliokaushwa wakipakiwa kwenda mikoa mingine na nchi jirani. Uliza habari za sangara. Samaki huyu si mwenyeji. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kila mahali, akawala furu, samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi zikatoweka. Viwanda vikajengwa, minofu ikasafirishwa Ulaya, watu wakapata kazi. Lakini mnofu ulipokwenda ng'ambo, maskini wa mjini walibaki wakinunua mapanki, yaani kichwa na mifupa. Kisha nyavu haramu kama kokoro zikazoa hata samaki wachanga, na magugu maji yakaziba bandari na njia za mitumbwi. Mto Mirongo, upitao katikati ya mji, huteremsha taka za watu mpaka ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo yanywewayo mjini. Mambo haya yote yahitaji watu waliosoma na wenye uchungu.

Liko pia somo la msiba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Wengi wamezikwa Igoma, Muislamu na Mkristo katika ardhi moja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Tunaamini kuwa ajali ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, lakini dini yetu haikutufundisha kujitia katika maangamizi kisha tukasingizia kadari. Chombo kilichowekewa kipimo kikapakiwa zaidi, hapo amana imevunjwa: na aliyekata tiketi, na aliyeruhusu, na aliyenyamaza akiona.

Kwa upande wa pili, Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, liitwalo kwa jina la Rais Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya ghuba. Kabla yake mgonjwa wa Sengerema aliyepelekwa Bugando kwa njia hiyo alilazimika kungoja kivuko, na huenda saa zikapita. Leo gari huvuka kwa dakika chache. Hiyo ndiyo elimu yenye manufaa: hesabu zilizofanywa juu ya karatasi, zikageuka njia ya mama mjamzito kuwahi hospitali.

Basi, enyi vijana mwendao Mwanza, msirudi na cheti peke yake. Anayesoma udaktari na ajifunze kichocho, ugonjwa uwapatao watoto waogao ziwani. Anayesoma uandishi na aandike habari za Mirongo na za kokoro. Anayesoma hesabu na akumbuke mizani ya pamba na orodha ya abiria. Nasi Waislamu tuna sababu zaidi ya kuyatunza maji, kwani kwayo twajitwaharisha mara tano kwa siku, na tumekatazwa kuyafuja hata tukitawadha kando ya mto utiririkao. Itakuwaje basi tutupe taka katika ziwa linywewalo na mamilioni?

Nanyi wazazi, mnapowatumia watoto karo na nauli, waulizeni pia wamejifunza nini kwa wavuvi, kwa wauza dagaa, na kwa wale wapandishao maji mlimani. Mwenyezi Mungu awajaalie elimu yenye kunufaisha, awarehemu waliozama, na awalinde wasafirio majini usiku na mchana. Amin.