Baraza ya Norfolk na Nyumba ya Michezo

Sisi wa Bukundi tukitaja mji mkubwa twamaanisha Mwanza, na mtu aliyefika Dar es Salaam huhesabiwa msafiri hodari. Nairobi huonekana kama nchi ya mbali kabisa. Kumbe si hivyo. Ukipanda basi pale Lamadi asubuhi, ukavuka mpaka Sirari, ukapita Migori, Kisii na Narok, basi kabla ya usiku wa manane utaziona taa za mji ule. Nilikwenda mwaka 2019, na katika mambo yote niliyoyaona huko nitakusimulia barabara moja tu, tena fupi.

Nakuonya mapema ya kwamba mahali ninapokupeleka ni baa. Usishtuke, mama watoto. Hatuendi kulewa. Mimi nilikunywa chai, na bei yake ilinifanya niinywe polepole sana.

Shika barabara ya Moi, ile iliyoitwa Government Road wakati wa Waingereza. Utaipita bustani ya Jeevanjee, kisha utafika kwenye kituo kikubwa cha polisi kiitwacho Central. Vuka barabara ya Chuo Kikuu, na mbele yako itaanza barabara ya Harry Thuku. Lishike vizuri jina hilo, maana tutalirudia. Ukitembea kidogo utaona upande mmoja hoteli ya Norfolk na baraza yake yenye viti na kivuli, na upande wa pili, wakitazamana kama majirani wawili waliokaa mlangoni, Nyumba ya Michezo ya Taifa ya Kenya. Anayekwenda kutazama mchezo wa kuigiza huweza kukaa barazani kwanza, na mchezo ukiisha akavuka tena barabara na kurudi pale pale. Ndiyo sababu baraza ile ina wapenzi wengi. Kwa miaka mingi imeitwa kwa jina la Lord Delamere, mlowezi maarufu kupita wote.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Noeli ya mwaka 1904. Nairobi yenyewe ilikuwa changa, kwani reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899 tu. Walowezi na wawindaji walikuja kutoka mashambani na porini na vumbi lao, wakanywa na kupigiana kelele, hata hoteli ikapewa jina la utani la Nyumba ya Malodi. Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifikia hapo mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Yasimuliwa pia kwamba Delamere aliwahi kuingia katika chumba cha kulia akiwa juu ya farasi na kuziruka meza. Wageni hucheka sana wakiisikia hadithi hiyo. Mimi nilimfikiria zaidi yule mpishi na yule aliyefagia.

Mwaka 1927 hoteli ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi aliyeingia Kenya akiwa hana kitu, na ambaye yasemekana alianza biashara kwa kushona magodoro yaliyojazwa majani. Hadithi hii naipenda kuliko ile ya farasi.

Sasa turudi nyuma kidogo, mpaka mwaka 1922, maana mwaka huo ndio ulionifanya niandike.

Harry Thuku alikuwa kijana Mwafrika aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina. Aliona kodi imepandishwa, mishahara ya Waafrika inapunguzwa, kila mwanamume amelazimishwa kubeba kipande, na wanawake na wasichana wanapelekwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Akaanzisha chama na kusema hadharani. Mwezi wa Machi serikali ikamkamata na kumfunga katika kituo cha polisi karibu na hapo. Tarehe 16 Machi watu maelfu walikusanyika nje wakitaka aachiliwe. Wajumbe wao walipotoka kuonana na wakubwa wa serikali waliwaomba watawanyike, na wengi wakaanza kwenda zao. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawasuta wanaume kwa uoga wao, akawaambia wampe yeye suruali zao. Alifanya na jambo jingine ambalo kwa Wakikuyu ni laana kubwa, nami sitaliandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Kundi likasogea mbele. Askari wakafyatua risasi.

Wanahistoria wameandika kwamba Wazungu waliokuwa wamekaa katika baraza ya Norfolk walichukua bunduki zao nao wakapiga, wakiwalenga watu waliokuwa wakikimbia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waafrika walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi sana. Thuku alihamishiwa Kismayu na hakurudi mpaka miaka ya 1930 ilipoanza.

Ndugu msomaji, kisa hiki nilikuwa nimekisoma kitambo. Lakini kukisoma ni jambo moja, na kukaa katika baraza ile ukiwa na kikombe mkononi ni jambo jingine. Kiti ni kizuri. Upepo ni mzuri. Ukiinua macho unaiona barabara, na watu wanapita na vitabu na mikoba yao, karibu kabisa, hata unaona nyuso zao. Niliuliza moyoni, mtu aliyekaa hapa siku ile aliona nini? Aliona watu, au aliona wanyama wa kuwindwa? Mzee mmoja aliyekaa meza ya jirani aliniuliza, “Wewe ni mgeni, ndugu yangu?” Nikamjibu, “Naam mzee, natoka Tanganyika, upande wa Usukuma.” Nilisema Tanganyika kwa mazoea ya marehemu babu yangu, naye akacheka, akaniambia nisisahau kuvuka barabara.

Nikavuka. Nyumba ya Michezo ilifunguliwa mwaka 1952, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Iliitwa ya taifa, lakini taifa lenyewe lilikuwa bado, na michezo iliyoonyeshwa humo ilikuwa zaidi ya Kiingereza, kwa ajili ya wale wale waliokaa barazani. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1963 mambo hayakubadilika upesi. Mwezi wa Oktoba 1976 palikuwa na michezo miwili ya Wakenya iliyotayarishwa ipelekwe Lagos, katika sherehe kubwa ya sanaa za Waafrika ya mwaka 1977. Mmoja ulikuwa wa Francis Imbuga, ambao kwa Kiswahili waitwa Usaliti Mjini. Wa pili uliandikwa na Ngugi wa Thiong'o pamoja na Micere Githae Mugo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, nao umetolewa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Michezo hii ilipewa siku chache tu, kwa kuwa siku nyingine zilikwisha kugawiwa vikundi vya wageni.

Huku kwetu jambo hili ni gumu kueleweka. Bagika na Bagalu wakishindana ngoma baada ya mavuno, nani atawapangia siku katika uwanja wao wenyewe? Wacheza ngoma huchoka, jua huchwa, lakini mwenye uwanja hafukuzwi.

Basi watu waliujaza ukumbi. Mchezo wa Kimathi ulipokwisha, watazamaji hawakutoka kimya kimya kama watokavyo watu katika majumba ya namna hiyo. Waliungana na wachezaji, wakaimba na kucheza mpaka nje, wakashika barabara hii hii, mbele ya baraza hii hii. Sikuwapo, sikuwa nimezaliwa. Lakini niliposimama mlangoni nikaupima upana wa barabara kwa hatua zangu, nikaona jinsi ulivyo mdogo, nami nikafahamu kwa nini wakubwa walihofu. Mwaka uliofuata Ngugi aliandika mchezo kwa Kikuyu ukachezwa na wakulima na wafanyakazi kijijini Kamiriithu, na tarehe 31 Desemba 1977 alikamatwa akatiwa kizuizini. Mwalimu Micere alifariki mwaka 2023, na Ngugi mwezi wa Mei 2025, wote wawili wakiwa mbali na kwao, huko Marekani.

Miaka mitatu kamili baada ya Ngugi kukamatwa, usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka Norfolk wakati wageni walipokuwa wakila chakula cha kuukaribisha mwaka mpya. Waliokufa walizidi 15, na majeruhi walikuwa wengi. Watu wale hawakuwa na habari ya mwaka 1922, nao wanastahili kukumbukwa vilevile. Sehemu iliyobomoka ilijengwa upya.

Jambo moja dogo litawachekesha wanaopiga vita pombe. Nyumba ya Michezo ilifanyiwa matengenezo makubwa ikafunguliwa tena mwaka 2015, na kampuni kubwa ya bia ya Kenya ilichangia fedha. Kampuni hiyo nayo ilianzishwa mwaka 1922. Mmoja wa waanzilishi wake aliuawa na tembo, na bia yao ikapewa jina kwa kumkumbuka tembo yule mwenye pembe. Sisi ambao tembo wa Maswa hutumalizia mtama tungekuwa na majina mengi ya bia.

Ukienda, usivae kama unayekwenda shamba, maana mlinzi wa hotelini huanza na viatu. Fika mapema jioni. Chagua kiti cha pembeni kinachoelekea barabara, uagize chai, uwatazame vijana wakipanga foleni ng'ambo wakicheka na kubishana kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kiingereza na Kikuyu. Watoto wa waliofyatuliwa risasi na watoto wa waliobeba sinia siku hizi hukata tikiti na kuingia kwa mlango wa mbele. Mlango ukifunguliwa, lipia chai yako na uvuke, kwani mchezo ukianza hawamngoji mtu.