Eti sina mikono ya maabara

Niliacha baiokemia mwaka wa pili, na watu hudhani ni karo tu. Ukweli ni pipeti, kale kakifaa ka kunyonya matone, ndiko kalinimaliza. Napima mikrolita moja mara tatu, majibu matatu tofauti. Mhadhiri akaniambia sina mikono ya maabara. Na mimi nikaamini, wueh.

Sasa kuna mashine inaitwa Echo. Haigusi maji kabisa. Inatuma mawimbi ya sauti kutoka chini ya kisahani, katone ka nanolita 2.5 kanaruka juu, kananata kwenye kisahani kingine kilichopinduliwa. Tone moja la kawaida lingetoa kama 20,000 hivi! Mkono gani utaweza hiyo?

Sisi tulikuwa 30, pipeti mbili. Moja ilikuwa inavuja. Hiyo ndiyo nilipewa.