Sema Mwenyewe, Mjukuu Wangu

Akheri, Meru.

Mjukuu wangu mpendwa,

Mama yako alipopanda huku Jumapili alitueleza kwamba umeitwa kwenye usaili wa kazi ya utalii hapo mjini, nawe unataka kuacha kwenda kwa sababu ya kigugumizi. Nimeona nikuandikie, upate kuyasoma haya taratibu na kuyarudia.

Kwanza ulijue jambo lenyewe. Kigugumizi si laana, wala si dalili ya akili ndogo au ya mtu kutishwa utotoni. Kimo katika ukoo wetu: baba yangu alikuwa nacho, mimi ninacho, nawe unacho. Wataalamu wanasema kinaweza kurithiwa, na kwamba kinatokana na jinsi ubongo unavyopanga na kuendesha usemi. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka kati ya 2 na 5. Wengi hukiacha wanapokua. Kwa watu wazima hubaki kwa takriban mtu 1 kati ya 100, na wanaume ndio wengi zaidi. Koo lako halina kasoro. Kwenye kwaya unaimba ubeti mzima bila kusita, na kanisani mkisoma kwa pamoja maneno yanatoka kama ya wenzako.

Hesabu hiyo ina maana kwamba hapo Arusha mjini mko maelfu. Huwasikii kwa sababu wengi wao wameamua kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakokuogopea. Neno likikwama, hukwama kwa sekunde chache tu, kisha likatoka. Mtu akianza kujificha, anaweza kujificha maisha yake yote.

Chukua salamu. Kwa majirani zetu Waarusha, mtoto huinamisha kichwa mzee akamgusa, yakaisha. Mjini watu wanadai shikamoo, na shikamoo haina neno la kuweka badala yake. Najua unavyovuka barabara ukimwona mzee anakuja, au unavyojifanya unasoma simu. Yule mzee hajui kwamba neno limekunasa kooni. Anaenda kusema mtoto wa fulani hana adabu. Hivyo unabeba mizigo miwili, wa kigugumizi na wa jina baya. Afadhali usimame mbele yake, umtazame usoni, na hiyo "sh" ivutike itakavyovutika. Atasubiri. Akikushangaa, ameshangaa, lakini salamu yake ameipata.

Mama yako ameniambia pia kuhusu daladala: unapitishwa kituo chako kwa kushindwa kumwambia konda akushushe, kisha unarudi kwa miguu. Na kwamba mdogo wako ndiye anayepiga simu kwa niaba yako, anayekuagizia chakula, anayejibu ukiulizwa jina. Anafanya kwa upendo. Lakini fikiria habari za Musa. Alisema ulimi wake ni mzito, akapewa nduguye Haruni awe msemaji wake. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati: karibu kitabu chote ni Musa mwenyewe akiwahutubia Waisraeli. Haruni alikuwa amekwisha kufa, na mzigo wa maneno ulimrudia mwenyewe. Mdogo wako naye ataolewa, ataondoka.

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, wakati wa msimu wa kahawa. Kila gunia lililowekwa kwenye mizani nililazimika kutaja uzito wake kwa sauti, na neno lililonisumbua kuliko yote ni kilo. Shingo ilikakamaa, macho yalijifumba, foleni yote ikinitazama mdomo. Kwa hiyo asubuhi kabla ya gunia la kwanza niliwaambia: "Ndugu zangu, nina kigugumizi. Uzito wa kila mtu nitautaja, naombeni mnisubiri." Wapo waliocheka. Lakini nilipokwisha kulisema hilo sikuwa na siri tena ya kulinda, na koo lenyewe lililegea. Hakuna mkulima aliyeondoka bila kusikia kilo zake kutoka kinywani mwangu.

Kuna habari ya hapa kwetu nataka uishike. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilipowaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki na kuchoma nyumba zao ili walowezi wapewe ardhi ile, mfalme wa Uingereza alikuwa George wa 6, mtu mwenye kigugumizi tangu utotoni. Alifanya mazoezi miaka mingi na mwalimu kutoka Australia, Lionel Logue, na bado alisita katika hotuba zake. Dola nzima ilimsubiri amalize. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mtu wa hapa Meru, alisafiri mpaka New York akaueleza Umoja wa Mataifa yaliyotupata. Kura ya kule haikutosha kuturudishia ardhi, lakini habari zetu zilisikika kutoka kwetu wenyewe. Mfalme alisubiriwa kwa cheo chake. Wewe unastahili kusubiriwa kwa kuwa ni mtu, na usiposema habari zako, wengine watazisema wanavyotaka.

Sasa kuhusu usaili. Ukiingia, salimia, kisha sema mapema: "Nina kigugumizi. Nikikwama naomba mnisubiri, jibu ninalo." Neno likikwama usilisukume. Ni sawa na gari lililonasa kwenye tope la masika: ukizidi kukanyaga mafuta, gurudumu linazidi kuzama. Tulia, legeza midomo, anza sauti ile upya kwa wepesi. Usibadilishe neno ulilokusudia kwa neno jepesi, maana utaonekana hujui kitu unachokijua. Usiangalie sakafu. Mtu akikumalizia sentensi, mwambie kwa heshima, "Asante, naomba nimalize mwenyewe."

Asikudanganye mtu akuuzie dawa. Hakuna kidonge wala mizizi iliyothibitishwa kuondoa kigugumizi. Wapo wataalamu wa tiba ya usemi wanaoweza kukusaidia uzungumze kwa nafuu, ingawa kwetu ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Anza kwa kuwauliza madaktari wa masikio, pua na koo pale hospitali ya KCMC, Moshi, wakuelekeze. Nauli nitatoa mimi.

Jumamosi panda huku. Bibi yako atakaa mezani akuhoji kama wasaili, nawe utajibu kila swali mpaka mwisho, hata likichukua mchana kutwa. Usimlete mdogo wako. Wasipokuajiri, tutatafuta kwingine, na huko pia utasema vilevile.

Mungu akutangulie.

Babu yako akupendaye.